Je, Wajua? Maajabu ya Uvimbe wa Maji Tumboni

Tumbo la binadamu lina siri nyingi, na mojawapo inasisimua kuliko nyingine: vifuko vya maji vinavyoota humo kimyakimya, vikakua mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi visiwe saratani hata kidogo. Ni vya nadra, lakini habari zake zimepita Mafia, Ifakara, Turkana na Bunyoro, zikafika hadi Glasgow na Kentucky. Kaa mkao wa kula, msomaji.

Daktari anaweza kustaafu bila kuuona

Uvimbe wa maji unaoota kwenye utando unaoshika utumbo hukutwa kwa mtu mzima 1 kati ya 100,000 hadi 250,000 wanaolazwa hospitalini. Sasa piga hesabu: wilaya nzima ya Mafia, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ilikuwa na watu zaidi ya 66,000 tu katika sensa ya 2022. Hata wote wangelazwa kwa zamu Hospitali ya Wilaya pale Kilindoni, mmoja mwenye uvimbe huo angeweza asipatikane! Kwa watoto ni mara nyingi zaidi, 1 kati ya 20,000 wanaolazwa.

Uchache huo ndio unaouponza ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa hakuna anayeutarajia, tumbo linapovimba hudhaniwa kwanza kuwa mimba, wengu, minyoo, ini lililochoka, au mkono wa jirani mwenye kijicho.

Uliandikwa kitabuni Wareno wakiwa Kilwa

Mtu wa kwanza kuueleza uvimbe huu alikuwa Antonio Benivieni, daktari wa Florence, Italia, aliyeukuta ndani ya maiti ya mvulana wa miaka 8. Kitabu chake kilichapishwa 1507, miaka 5 baada ya yeye mwenyewe kufariki, na miaka 2 tu baada ya Wareno kuivamia Kilwa, ule mji mkubwa ulio kusini ya Mafia.

Kisha ikapita karne tatu na ushei kabla mgonjwa yeyote hajafaidika. Upasuaji wa kwanza uliofaulu kuutoa ulifanywa na Mfaransa Paul Tillaux mwaka 1880. Yeye ndiye aliyetuachia pia njia nzuri ya kuutambua kwa mkono: uvimbe wa kwenye utando wa utumbo ukiusukuma kulia au kushoto unakwenda, lakini ukiusukuma kuelekea kifuani au nyongani unagoma. Hadi leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa mbinu hiyo.

Mita 6 za utumbo zimening'inia kwenye sentimita 15

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, lakini utando unaoushikilia umejibana kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo kwa mstari wa sentimita 15 tu. Kanga ya mwanamke ina urefu wa kama mita moja na nusu. Uupunguze mara kumi, hapo ndipo utumbo wote unapofungwa! Ndani ya utando huo ndimo inamopita mishipa yote ya damu inayoulisha utumbo.

Sasa fikiria daktari anayekuta kifuko cha maji kimejipachika katikati ya mishipa hiyo. Akikata ovyo, kipande cha utumbo kinakosa damu na kufa. Ndiyo maana karibu theluthi moja ya watu wazima wanaopasuliwa, na zaidi ya nusu ya watoto, hulazimika kuondolewa kifuko pamoja na kipande cha utumbo kilichogandana nacho, kisha ncha mbili zilizobaki zikashonwa pamoja. Mgonjwa huendelea kula na kuishi kama kawaida, maana utumbo una urefu wa akiba.

Na la kushangaza zaidi: hadi 2016 ndipo profesa J. Calvin Coffey wa Limerick, Ireland, alipoandika kwamba utando huo si vipandevipande kama vitabu vilivyozoea kusema, bali ni kiungo kimoja kinachoendelea bila kukatika. Tumbo limepasuliwa kwa karne nyingi, na bado lina mambo ya kutufundisha.

Ndani yake mnaweza kuwa na tui

Baadhi ya vifuko hivi vikifunguliwa hutoa kimiminika cheupe, kizito, kinachofanana kabisa na tui la kwanza la nazi. Si usaha. Ni mafuta ya chakula ulichokula, ambayo husafiri kutoka kwenye utumbo kupitia mishipa ya limfu, mishipa myembamba isiyobeba damu, kabla ya kumwagwa kwenye mkondo wa damu karibu na shingo.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba vifuko vya namna hii huanza tumboni mwa mama: kijisehemu cha mishipa ya limfu hakiungani na wenzake, kinakosa pa kumwaga maji yake, na kinajaa taratibu kwa miaka. Mtu anaweza kuzaliwa nacho na kukigundua akiwa na wajukuu.

Mafia ilitangulia nchi nzima

Tukiwa bado kwenye mishipa ya limfu: mwaka 2000 mpango wa Taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa kwa umma, na sehemu ya kwanza kabisa Tanzania ilikuwa kisiwa cha Mafia. Wakazi walimeza aivamektini na albendazole. Bara ikafuata baadaye.

Mdudu wa matende ni mnyoo mwembamba kama uzi, huletwa na mbu, na hujenga makao ndani ya mishipa hiyohiyo ya limfu. Mkubwa wake huishi miaka 6 hadi 8, ilhali dawa huua zaidi vitoto vyake vilivyo katika damu. Ndiyo sababu watu walitakiwa kumeza kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata wasiojisikia kuumwa. Mishipa ikiharibika, maji hukusanyika: kwenye mguu yanakuwa matende, kwenye mfuko wa korodani yanakuwa busha. Busha si uvimbe wa tumbo, lakini linafanana nao kwa jambo moja kubwa. Lina maji, si saratani, na tiba yake ni upasuaji ambao hospitali ya wilaya inaumudu.

Mtoto wa mwenye hoteli alivyofundisha madaktari kubisha hodi

Mwaka 1761 daktari Leopold Auenbrugger wa Austria, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, alichapisha kitabu kidogo kinachoeleza jinsi ya kugonga mwili wa mgonjwa kwa vidole na kusikiliza mlio. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa kiasi gani. Penye hewa panalia kama ngoma, penye maji panalia butu.

Mbinu hii haihitaji umeme wala betri, na inatenganisha mambo mawili yanayochanganya sana. Mgonjwa akilala chali, maji yaliyomwagika ovyo tumboni, kwa mfano kwa ugonjwa wa ini, hutelemkia ubavuni, na utumbo wenye hewa huelea juu. Katikati panalia, ubavuni butu. Kifuko kikubwa cha ovari ni kinyume chake: kinakaa katikati na kuusukuma utumbo pembeni, basi katikati panakuwa butu na ubavuni ndiko kunakolia. Vidole viwili vya tabibu wa zahanati vinaweza kuamua nani apelekwe haraka.

"Uvimbe" mwingine huisha kwa kukojoa

Kibofu kilichozuiwa mkojo kinaweza kupanda hadi kitovuni, kikawa duara na kigumu kama uvimbe kamili. Kwa hiyo kanuni ya zamani ya wapasuaji ni hii: kabla hujautangaza uvimbe wa chini ya kitovu, hakikisha kibofu ni kitupu, hata kwa mpira wa mkojo. Wapo waliotishwa na "uvimbe" ulioyeyuka ndani ya dakika tano.

Altrasaundi ilijaribiwa na nyama ya ng'ombe

Hii lazima tuikalie kidogo. Tarehe 21 Julai 1955 profesa Ian Donald wa Glasgow, daktari wa wanawake, alipakia kwenye magari uvimbe mbalimbali uliotoka chumba cha upasuaji, ukiwamo mfuko mkubwa wa ovari, akaupeleka kiwandani. Kiwanda hicho cha kutengeneza mitambo ya mvuke kilikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafuta nyufa kwenye chuma. Wenyeji wakampa na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganisha. Mashine ikaonyesha tofauti waziwazi: uvimbe wa nyama ulirudisha mwangwi mwingi, mfuko wa maji ukaipitisha sauti kimya hadi upande wa pili.

Muda si mrefu akaletewa mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya tumbo isiyo na tiba. Donald, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, wakamwekea mashine yao. Wakaona ukuta mmoja, kisha kimya kirefu, kisha ukuta wa pili. Maji! Ulikuwa mfuko mkubwa wa ovari usio saratani. Ukatolewa na mama yule akapona. Tarehe 7 Juni 1958 makala yao ikatoka katika jarida la Lancet, na kichwa chake hakikutaja watoto wachanga bali uvimbe wa tumbo. Picha za mimba ambazo leo kila mama anazijua zilitokana na utafiti uliolenga matumbo yaliyovimba.

Na Mafia ina walimu wa zamani zaidi wa sayansi hiyo. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Pomboo wanaoogelea ghuba ya Chole hutuma milio inayozidi 100,000 na kusoma mwangwi wake ili kumpata samaki. Mashine ya hospitalini hutumia mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Kanuni ni ileile.

Kwa nini unaambiwa unywe maji kwanza

Mwaka 1963 Donald huyohuyo aliona kwamba kibofu kilichojaa huwa dirisha. Mkojo hupitisha sauti vizuri, na huusukuma juu utumbo wenye hewa unaoziba picha. Kwa hiyo muuguzi akikuambia unywe maji na ukae bila kwenda msalani, si ukali. Anakuandalia dirisha la kuona ovari na kizazi.

Turkana: uvimbe ambao ni mdudu

Kaskazini-magharibi ya Kenya, Waturkana wamewahi kuwa na kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyojulikana duniani cha vifuko vya maji vinavyosababishwa na mnyoo wa mbwa. Mayai yake hutoka kwa kinyesi cha mbwa, mtu huyameza, na kiluwiluwi hujichimbia kwenye ini na kujitengenezea kifuko kinachoweza kukua kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Pale Turkana maji ni ya shida na mbwa analala na familia, hata humsafisha mtoto kwa ulimi. Mnyoo ulipata njia nyeupe.

Madaktari wanaoruka wa AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, walianza kampeni yao huko miaka ya 1980. Walifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: walibeba mashine ya altrasaundi porini kwa gari na kuwapima wafugaji wanaohamahama. Mwaka 1987 watafiti wakaandika katika Lancet kwamba mashine hiyo ya kubebeka iliwashika wagonjwa vizuri kuliko kipimo cha damu. Baadhi ya maarifa ya kupima jamii nzima kwa altrasaundi dunia iliyapata kwenye mchanga wa Turkana.

Kwa msomaji wa Pwani somo ni kubwa. Kifuko cha mnyoo huyu kikitobolewa na mtu asiyejua, maji yake yanaweza kumwagika tumboni, yakapanda vifuko vipya, au kuleta mzio mkali unaoua kwa dakika chache. Wataalamu huchukua tahadhari kabla ya sindano: humpa mgonjwa kwanza albendazole, dawa ileile iliyogawiwa Mafia kwa ajili ya matende.

Meno, nywele, na hakuna mchawi

Kuna uvimbe wa ovari ambao ukifunguliwa unakuta nywele ndefu, mafuta mazito, na wakati mwingine meno kamili yenye rangi nyeupe. Unatokana na chembe za yai, zile zenye uwezo wa kutengeneza kila sehemu ya mwili, zinazoanza kazi bila kurutubishwa na bila mpangilio. Ni miongoni mwa uvimbe wa kawaida wa ovari kwa wanawake vijana, na hugeuka saratani kwa 1 au 2 tu kati ya 100.

Tunalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu wapo mabinti waliosemwa vibaya na familia zilizogombana kwa ajili ya nywele zilizotoka tumboni. Bikira anaweza kuupata. Mtoto mdogo anaweza kuupata. Haujatumwa na mtu. Meno hayo huonekana hata kwenye picha ya kawaida ya eksirei.

Bibi, mama na binti katika kongosho

Wasomaji wa picha za tumbo wamezipa lakabu aina tatu za uvimbe wa kongosho kwa kufuata umri wa wanaozipata. Aina ya "bibi" huwapata zaidi wenye miaka 60 na kuendelea na karibu kamwe si saratani. "Mama" huwapata wa miaka ya 40 na 50, na huondolewa kwa sababu unaweza kugeuka. "Binti" huwapata wa miaka ya 20 na 30, nao hukatwa. Umri na jinsia ya mgonjwa huanza kumwambia daktari jibu kabla hata hajawasha mashine.

Krismasi ya 1809 bila nusukaputi

Jane Todd Crawford wa Kentucky, Marekani, aliambiwa na madaktari wa kijijini kwake kwamba ana mimba iliyopitiliza, huenda ya mapacha. Daktari Ephraim McDowell alipompima akasema hapana, huu ni uvimbe, na sijapata kusikia mtu yeyote aliyepona baada ya kupasuliwa uvimbe kama huu. Ila ukikubali kufa jaribioni, njoo kwangu. Mama huyo alipanda farasi karibu kilomita 100, takriban mara mbili ya urefu wa kisiwa cha Mafia, katika baridi ya Desemba, tumbo limegota kwenye tandiko.

Siku ya Krismasi alilala mezani. Dawa ya usingizi ilikuwa haijagunduliwa. Hiyo ingekuja 1846. Yeye alisoma zaburi. McDowell akafungua tumbo, akakamua kilo karibu 7 za kimiminika, akatoa na mfuko wenyewe wa kilo 3 na nusu, akafunga. Dakika 25! Siku ya 5 alimkuta mgonjwa wake amesimama anatandika kitanda. Aliishi miaka 32 zaidi, akafariki ana miaka 78.

Mafanikio hayo yaliufungulia ulimwengu mlango wa upasuaji wa tumbo. Na tukiri kwamba ushujaa mkubwa zaidi mle chumbani haukuwa wa aliyeshika kisu.

Bunyoro walikuwa wanaosha mikono kwa pombe

Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke wa miaka 20 hivi ili kumtoa mtoto. Mgonjwa alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo, kisha akakata kwa mkato mmoja. Msaidizi aligusa penye kuvuja damu kwa chuma kilichopashwa moto. Mtoto akatoka hai. Jeraha likafungwa kwa pini 7 nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa uzi wa gome la mti, na juu yake dawa ya mizizi iliyopondwa. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Felkin aliichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Ni upasuaji wa uzazi, si wa kutoa uvimbe, lakini yote anayoyahitaji mpasuaji wa tumbo yamo: usingizi, usafi, kuzuia damu, kufunga vizuri. Ulaya yenyewe ilikuwa imeanza kusafisha vidonda kwa dawa 1867 tu, baada ya Joseph Lister, na wengi walikuwa bado wanambishia. Felkin aliona utaratibu uliokomaa, wa watu wenye uzoefu wa muda mrefu. Jambo hili lifundishwe katika kila shule ya Afrika Mashariki.

Uvimbe uliozidi uzito wa mifuko miwili ya saruji

Oktoba 1991, huko California, daktari Katherine O'Hanlan alitoa uvimbe wa ovari wenye kilo 137 na zaidi, ukiwa mzima bila kupasuka, kwa mwanamke wa miaka 34. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mgonjwa alitoka upande mmoja wa chumba na uvimbe wake upande wa pili, kila mmoja kwa kitanda chake.

Kabla ya hapo, mwaka 1905 kule Texas, Arthur Spohn alishughulikia mfuko wa kilo 149, ila maji yake yalikamuliwa kidogokidogo katika wiki ya kabla ya upasuaji. Kulikuwa na hekima: mzigo mkubwa ukiondoka tumboni ghafla, damu hukimbilia nafasi iliyoachwa wazi na shinikizo likaporomoka.

Maumivu ya ghafla? Saa ndizo zinazohesabika

Kifuko cha ovari kinaweza kujisokota kwenye shina lake na kujikatia damu. Hutokea zaidi upande wa kulia, kwani upande wa kushoto utumbo mpana umejaza nafasi na kukizuia kisizunguke. Maumivu makali ya ghafla yakiambatana na kutapika kwa mwanamke yasisubiri boti ya kesho kutwa bila daktari kujua. Ovari iliyosokotwa ikiwahiwa inaweza kuokolewa.

Dawa ya usingizi isiyodai mashine kubwa

Ketamini iliidhinishwa Marekani 1970, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Maajabu yake ni kwamba mgonjwa analala huku akiendelea kuvuta pumzi mwenyewe kwa sehemu kubwa. Kwa hospitali ambayo umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, hiyo ni neema.

Karatasi ya maswali 19 iliyopita Ifakara

Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja ya maswali 19 ya kusomwa kwa sauti chumba cha upasuaji, katika hospitali 8 za miji 8: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara ya Morogoro! Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua wapi? Damu ipo? Pamba zote zimehesabiwa?

Matokeo yalitoka Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Swali la pamba lina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu: kitambaa kilichosahaulika tumboni hujizungushia ukuta na maji, na miaka kadhaa baadaye huonekana kwenye altrasaundi kama uvimbe mpya. Kuhesabu kwa sauti kunasaidia sana kuuzuia.

Upasuaji 3,300 kwa mwaka

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilisema kila watu 100,000 wanahitaji upasuaji 5,000 kwa mwaka, na kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama. Kwa kipimo hicho Mafia ingehitaji upasuaji wapata 3,300 kila mwaka: uzazi, mabusha, ngiri, mifupa, kidole tumbo, na mara moja kwa miaka mingi, kifuko chetu cha nadra.

Tume hiyo ilichagua kazi 3 za kupimia hospitali: kujifungua kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoka nje. Anayeziweza hizo tatu anaweza karibu kila kitu cha msingi. Na Tanzania ina la kujivunia. Kuanzia 1963 ilifundisha madaktari wasaidizi, wengi wao wakiwa matabibu wazoefu, na utafiti uliochapishwa 2009 kutoka Mwanza na Kigoma ulikuta wao ndio waliofanya asilimia 85 hivi ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali zilizochunguzwa.

Dakika 40 juu ya ziwa

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kwa miezi 6 kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kilomita 60 za maji kwa dakika 40 hivi. Kisiwa chochote kina sababu ya kuufuatilia mtindo huo. Kipande cha uvimbe lazima kiende maabara kikiwa kwenye chupa ya formalini, na jibu lirudi; ndege ndogo inaweza kulibeba hilo bila kungoja bahari itulie.

Kikitoka chote, kwa kawaida hakirudi

Kati ya vifuko vya kwenye utando wa utumbo, karibu 3 tu katika kila 100 hukutwa na saratani. Vilivyotolewa vyote mara nyingi havirudi. Vinavyorudi ni hasa vile vilivyokamuliwa maji tu au kuachwa nusu, maana ukuta uliobaki huendelea kutoa maji. Ndiyo sababu sindano ya kunyonya maji si tiba kamili, na uvimbe uliotolewa hautupwi jalalani, hupelekwa chini ya hadubini hadi majibu yapatikane.

Basi, ndugu msomaji wa Kilindoni, wa Jibondo, wa popote pale: tumbo likikua kwa wiki kadhaa bila sababu inayojulikana, au mkono ukikutana na donge linalotembea, usikubali kukandwa, kuchanjwa wala kutobolewa mtaani. Nenda hospitali, omba kipimo cha altrasaundi, na ukipewa rufaa ya Dar es Salaam, iwe kwa boti ya Nyamisati au kwa ndege ya nusu saa, ifuate mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo na wewe ukiwa bado na nguvu.